Sifa za Mfumuaji

Mlima umesifiwa vya kutosha. Kahawa imesifiwa, mbege imesifiwa, mtori umesifiwa na kila mzazi aliyenyweshwa akiwa bado kitandani, na hata baridi ya Julai hapa Marangu ina wapenzi wake, wengi wao wageni wa siku mbili. Aliyesahaulika ni mtoto wa miaka miwili anayelelewa na bibi yake, yule ambaye bibi akiweka tu chini kitambaa anachofuma, yeye anakiokota na kukifumua. Leo nampa haki yake.

Msije mkasema ni uzee. Nina watangulizi. Lucian, enzi za Warumi, alimwandikia nzi sifa zake. Synesius akausifu upara. Erasmus naye mwaka 1511 akatoa kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, na wasomi wa Ulaya wakakisoma kwa furaha. Kama nzi alipata wakili, mjukuu wangu akose kwa kosa gani?

Nitamwita Mheshimiwa, maana ndivyo anavyojiona mwenyewe, na hotuba zake hazikatizwi.

Nianze na kipaji. Kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa ndoano kina ncha moja tu ya uzi inayoachia. Mtu mzima akiitafuta huvaa miwani, hugeuza kitambaa juu chini, huomba aletewe taa. Mheshimiwa anaiona akiwa mlangoni. Anaishika kwa vidole viwili, kichwa kakiinamisha, ulimi nje kidogo, anavuta taratibu, na vitanzi vinaachia kimoja kimoja bila hata kimoja kugoma. Kuna siku nilisimama nyuma yake nikatazama ua zima la pembeni likirudi kuwa uzi, nikashindwa kumkemea kwa jinsi kazi ilivyokuwa safi. Uzi wenyewe ulishaondoka zamani: ulikuwa umepita chini ya meza, ukatoka mlangoni, ukazunguka shina la mbuni, ukaingia kwenye banda, na mbuzi alikuwa ameupokea upande wa pili na kuutafuna kwa utulivu wa mtu aliyealikwa.

Na ni mkaguzi pia. Shirika la Viwango lina maabara. Yeye ana meno. Uzi unaochuja rangi anaugundua siku ya kwanza, kwa sababu midomo inageuka kijani na mimi napiga kelele. Ule wa dukani ulioandikwa pamba tupu ameutafuna akautema. Sijui alikuta nini, lakini sikuununua tena.

Sasa faida ya mfukoni. Majirani wanaofuma bila mjukuu wana hasara kubwa: wanamaliza. Wakimaliza inabidi washuke Moshi kununua uzi mwingine, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na mjini hapo huwezi kupita bila kununua kitu ambacho hukukifuata. Mimi donge langu moja la uzi mweupe limekuwa kitambaa cha meza, likawa donge, likawa kifuniko cha redio, likawa donge, na sasa ni kitambaa cha meza tena, kwa muda. Wagiriki wanajivunia Penelope, mke wa Odysseus, aliyekuwa akifuma sanda ya baba mkwe wake mchana na kuifumua usiku, miaka mitatu, ili kuwazungusha wanaume waliotaka kumwoa. Maskini, zamu zote mbili alifanya peke yake. Mimi zamu ya pili nina mtu, tena anaifanya mchana kweupe, na usiku nalala.

Hapa lazima niache mzaha kidogo, kwa sababu kufumua ni nusu ya ufundi, na asiyejua hilo hajawahi kufuma sweta la mtoto kwa bei ya mtumba. Uzi mzuri wa sufu ni ghali. Lakini pale soko la Memorial, kwenye marundo ya mitumba, sweta zito la mtu mzima wa Ulaya linaweza kukupa uzi wa kuwavika wajukuu wawili, mradi ujue kuchagua. Ligeuze ndani kwanza, utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache hapo hapo: ukilifumua utapata vipande vifupi kama tambi. Tafuta lile ambalo kila kipande kimefumwa na kingo zake, kisha vikaunganishwa. Tena usichukue la sufu lililokwisha fuliwa kwa maji ya moto likajikaza, hilo halifumuliki hata na Mheshimiwa. Uzi ukitoka una mawimbi, unakumbuka ulikotoka. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne usijikoroge, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unautundika na jiwe dogo chini. Ukikauka umenyooka. Katika kazi yote hii, mjukuu wangu anaijua hatua ya kwanza kuliko mimi. Tatizo lake ni moja tu, na hata mafundi wakubwa wanalo: anachagua sweta lisilo lake.

Wenye ushauri husema mtu atenge muda wa kazi za mikono. Wangu hautengwi, unaibwa. Asubuhi kuna uji wa ulezi, kuna majani ya ng'ombe, kuna ndizi za kumenya, na ukishamenya ndizi bila kupaka mafuta mikononi usiguse kitambaa cheupe, maana utomvu wake ukikauka ni doa la maisha. Mchana kuna nguo, na huku juu wakati wa masika nguo haikauki, inazeeka kwenye kamba. Lakini saa nane, mvua ikianza kupiga bati, Mheshimiwa analala. Ndipo nachukua ndoano. Nahesabu vitanzi kimya kimya, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja.

“Bibi, kuku ana meno?”

Ni dada yake, wa darasa la pili. Narudi kitanzi cha kwanza.

Jioni simu inaita kutoka Dar es Salaam. “Shikamoo mama.” Marahaba. “Mnaendeleaje? Unapumzika lakini?” Napumzika. “Na ile seti ya makochi yangu imefikia wapi?” Inaendelea, namjibu, na sisemi uongo; sitaji tu inaendelea kuelekea wapi.

Simlaumu sana. Kihamba cha baba mkwe wangu kililisha nyumba nzima: migomba juu, kahawa chini yake, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yakipita pembeni. Kahawa hiyo, iliyokuwa ikipitia KNCU, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, ndiyo iliyolipa ada, na watoto waliolipiwa ada ndio walioshuka kwenda kutafuta mishahara. Kihamba kikagawanywa kwa wana, kikagawanywa tena, mpaka urithi wa mwingine ni migomba ya kuhesabika. Huko mjini wana kazi, wana foleni, wana dada wa kazi aliyeondoka bila kuaga. Basi wajukuu wanapanda na basi, na begi la nguo, na neno moja: “Mama, ni kwa muda tu.” Muda wenyewe ndio huu. Na wakinikuta nimekaa kwenye kiti na ndoano mkononi, imeshahesabika kwamba nina nafasi. Angekuwa mwanamume amekaa na gazeti, wangepita kwa kunyata.

Otto Raum, mtoto wa mmisionari, alichapisha mwaka 1940 kitabu kuhusu utoto wa Wachaga, na michezo ya watoto wetu aliichukulia kwa uzito ambao sisi wenyewe hatukuwa nao. Natamani angemwona huyu. Juzi alipata uzi wa bluu, akafunga miguu ya meza, akapitisha kwenye kiti cha babu yake, akamalizia kwenye kitasa cha mlango, babu akiwa amekaa hapo hapo anasinzia. Taarifa ya habari ilipoanza, babu akainuka kwenda kuongeza sauti, na meza ikamfuata. Hakukuwa na fundo hata moja linalofanana na jingine. Dada yake ndiye aliyekaa akayafungua yote kwa subira, akakusanya uzi, akauzungushia kwenye kibunzi cha mahindi. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akachukua ndoano yangu akafuma mnyororo mrefu kuanzia mlangoni hadi jikoni. Mimi sikumfundisha. Amekuwa akiokota uzi nyuma ya mdogo wake tangu huyo aanze kutembea, na kwa kuuokota ameuelewa. Mnyororo ule Mheshimiwa aliufumua kabla ya chakula cha usiku. Dada mtu alilia kidogo, akauanza upya, safari hii akiwa amesimama juu ya stuli.

Kwa hiyo enyi wanangu mtakaopanda Desemba, na watoto wa wenzangu pia, sikilizeni. Mabasi yatajaa, najua, na mtakuja na mchele, sukari, soda na vitambaa vya kiwandani vya plastiki mnavyodhani vitanifurahisha. Vitambaa hivyo viacheni huko huko. Nileteeni uzi, mweupe, madonge makubwa, na ndoano ya ziada kwa ajili ya mjukuu wa kike. Na mmoja wenu, mwenye magoti mazima, amchukue Mheshimiwa asubuhi akamwonyeshe maporomoko ya Kinukamori, wasirudi kabla ya jua kuzama. Kiingilio nalipa mimi.