Kompresa au Pampu?

Maji yale yalimpata mgeni usoni kabla hajamaliza swali lake. Bosi alikuwa amemleta duarani, kwenye shimo letu la dhahabu, aone mwamba, tena kavaa shati jeupe, masika haya ya Saza! Nikafungulia upepo wa kompresa aone drili inavyofanya kazi. Drili ikakohoa, ikamtemea maji yenye kutu na mafuta kuanzia paji la uso hadi mfuko wa kalamu. "Fundi," bosi akanigeukia, "umetuletea kompresa au pampu?" Vijana wa kamba walicheka hadi wakaachia ndoo. Shati nimekatwa kwenye ujira. Sasa naitwa Idara ya Maji, na mama lishe ameshaniuliza bomba litafika kwake lini.

Wanaocheka hawajui maji yale hutoka wapi. Yanatoka hewani! Kompresa yetu humeza kama mita 5 za ujazo za hewa kila dakika. Msimu huu, hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 18 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ibane hadi ibaki sehemu moja ya nane, kisha iache ipoe: mvuke uliokosa pa kukaa unakamuka kama maji ya nguo iliyofuliwa. Piga hesabu. Ni zaidi ya lita 4 kwa saa. Zamu ya saa nane, karibu ndoo mbili za lita 20. Huku kwenye machimbo ya Lupa watu wamehangaikia dhahabu tangu miaka ya 1920, sisi maji tunayapata bila kuyatafuta.

Mlango wa maji hayo kutokea ni koki ndogo chini ya tangi la kompresa. Ya kwetu imezibwa kwa bolti, kwa kuwa mwenye mashine anadai ilikuwa inapoteza upepo. Nikizima nifungue bolti nimwage, saa ya kukodi inaendelea kuhesabiwa, na mvivu ni mimi.

Masika yana visa vingine pia. Kumbikumbi waliwahi kuziba chujio la hewa usiku mmoja. Mafuta yaliingia maji yakawa meupe. Mkanda uliolowa ulipiga yowe hadi mchungaji wa jirani akakatisha mahubiri.

Lakini yanayonikosesha usingizi ni maji yanayobaki ndani ya tangi. Kutu inalila tangi kwa upande usioonekana, nalo limebeba shinikizo la bar 7, hatua chache kutoka wanapokaa vijana wa kamba. Nimelisema hilo hadi nimechoka. Juzi mwenye mashine akasikia: amelipaka tangi rangi ya bluu, kisha akapandisha bei ya saa.