Watafiti, Niacheni Nile

Jirani, kwako mnakula kwa amani? Kwangu hapana. Kwangu sahani haijafika mezani, simu imeshafika. Mama watoto kaishika, miwani puani, kidole kinapandisha na kushusha. "Baba, kuna utafiti mpya." Ukisikia hivyo ujue nyama imeshaharibika. Kama si nyama, chumvi. Kama si chumvi, namna nilivyokaa. Siku nyingine kosa ni kukaa kwenyewe. Sasa mimi dereva wa lori, niendeshe nimesimama?

Tatizo ni njia yangu. Navuta trela la friji, kuku wa barafu. Natoka hapa Louisville, napanda na I-71 hadi Columbus, nanyoosha mpaka Cleveland, halafu nashika I-90 kandokando ya Ziwa Erie hadi Buffalo. Wewe ukiangalia ramani unaona barabara. Mama watoto anaona vyuo vikuu. Kila ninapopiga breki pana chuo, na kila chuo kina watu hawalali, wanachunguza kitu changu. Si cha jirani. Changu.

Anza hapa hapa Louisville. Chuo kikuu chao kina mradi unaitwa Green Heart, kiongozi wake profesa Aruni Bhatnagar. Walikwenda mitaa ya kusini mwa jiji, kule kwenye moshi wa barabara kuu, wakapanda miti na vichaka zaidi ya 8,000. Si vile vimiche vya kwetu ambavyo mheshimiwa akishapigwa picha, mbuzi anamalizia. Miti mikubwa, inashushwa na mashine. Tena wakapima watu. Damu. Mkojo. Nywele. Kucha! Agosti 2024 wakatangaza: waliokaa penye miti ile, kile kipimo cha damu kinachoonyesha mwili unawaka ndani kwa ndani, ambacho kinaendana na maradhi ya moyo, kilikuwa chini kwa asilimia 13 hadi 20 kuliko kwa wenzao wa mitaa isiyopandwa.

Nadhani umeshajua mimi nakaa mtaa gani. Niliuchagua mwenyewe, kodi nafuu, na lori lina pa kulala. Mama watoto hakusema neno. Aliangalia dirishani, kwenye lami, halafu akaniangalia mimi. Alikaa ananiangalia.

Nikajitetea. Nikamwambia mimi nimezaliwa Marangu, kihambani, migomba mpaka mlangoni, kahawa chini, mringaringa juu. Babu yangu kapanda miti maisha yake yote, na hakumwomba mtu kucha. "Wewe umepanda nini?" akaniuliza. Nikatafakari. Nilichowahi kupanda mimi ni ndege.

Na usisahau Louisville ndio mji ambao Julai 2, 2001 walimwekea mtu moyo wa mashine. Robert Tools, aliitwa. Moyo mzima wa titani na plastiki, unadunda kifuani bila waya kutoboa ngozi. Akaishi nao siku 151. Mama watoto nikimuudhi hunikumbusha tu kwamba hospitali yenyewe haiko mbali.

Lakini Louisville ni nyumbani, aibu yake nimeizoea. Columbus ndiko walikonimaliza.

Shemeji yangu anakaa Columbus. Binti yake kamaliza chuo, sherehe, pilau, watu. Nimeegesha trela huko mbali, nimeingia na shati lililonyooshwa, nimetafuta kiti karibu na sufuria. Pembeni yangu kaketi kijana wa Kimarekani, mwembamba, mpole. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba huku nageuka nione nani kasema. Kumbe kasomea Kiswahili chuoni pale pale Ohio State. Na Kiswahili chake, jirani, kimepigwa pasi. Mimi nasema "ile lodi alonipa dispacha", yeye anasema "shehena uliyokabidhiwa". Ukitupanga pale mezani useme nani mgeni, ungenichagua mimi.

Akauliza natoka wapi. Nikavimba. Marangu, Kilimanjaro, chini ya mlima kabisa. Nimezoea nikisema hivyo Wamarekani wanashangaa, wananisifu kwa mlima, maongezi yanaishia hapo, nakula. Huyu akaweka uma chini. "Basi utanisaidia. Barafu ya Furtwängler imebaki kiasi gani?"

Mwenzangu, mimi Furtwängler nilidhani ni gia boksi. Nikajaza pilau mdomoni ili nipate muda. Nikameza. Nikasema, "Ipo. Inaendelea vizuri."

Haiendelei vizuri. Kijana alinieleza taratibu, kwa heshima, na heshima ndiyo inayouma. Furtwängler ni kipande cha barafu kule juu Kibo, kina jina la Mjerumani aliyepanda mwaka 1912. Na tangu mwaka huo 1912 hadi 2007, mlima umepoteza asilimia 85 ya barafu yake. Nikatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekuwa anajua.

Halafu akatoa jingine. Barafu ya mlima wetu iko Columbus. Hapo hapo mjini! Iko Ohio State, kwenye kituo cha Byrd, wanakochunguza barafu na hali ya hewa. Profesa Lonnie Thompson, mzaliwa wa West Virginia, alikwea mwanzoni mwa mwaka 2000 na wenzake, wakapiga kambi kule kileleni, wakatoboa barafu mpaka kwenye mwamba, wakatoa nguzo sita. Wapagazi wakazishusha, zikavuka bahari zikiwa zimeganda vile vile. Sasa zinakaa kwenye friji, digrii zipatazo 34 chini ya sifuri.

Hebu ona jambo hilo. Friji yangu mimi imebeba mapaja ya kuku. Napita Columbus naimba taarabu, nalalamikia bei ya dizeli, na huku barafu ya mlima niliouona kila asubuhi nikienda shule, mlima nilioutazama mpaka shingo ikapinda, imenitangulia Marekani. Haikuhojiwa ubalozini. Haikuombwa barua ya benki. Ina chumba chake, umeme haukatiki, na watu wenye shahada wanaingia kuiangalia wakiwa wamevaa makoti.

Nikauliza wanaifanyia nini. Wanaikata vipande, wanaviyeyusha, wanapima vumbi na oksijeni iliyomo, wanajua hewa ya zamani ilikuwaje. "Kwa hiyo," nikasema, kwa sauti ya meza nzima, "mnaiyeyusha ili mjue kwa nini inayeyuka?" Nilijua hapo nimempata. Nilisubiri kicheko. Kijana akajibu tu kwamba nyingine wameitunza, kwa ajili ya wanasayansi watakaokuja na vifaa bora. Meza nzima ikamwitikia yeye.

Yaani barafu ile ilianza kujijenga miaka 11,700 iliyopita. Ndani yake, pale kwenye miaka kama 4,000 nyuma, kuna utepe wa vumbi wenye unene wa milimita 30. Ukame. Ukame wa karibu miaka 300! Jirani, mimi mvua ikichelewa wiki mbili tu Marangu, simu zinaanza kuingia, tuma hela, mahindi yamekauka. Miaka 300. Ingekuwapo WhatsApp enzi hizo, hata hili lori ningekuwa nimeuza.

Nikaona kaupenyo kamoja. Kijana alikuwa ametaja kwamba Thompson na wenzake waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2002, wakasema barafu ile itaisha kati ya 2015 na 2020. "Lakini bado ipo!" nikaruka. "Nimetumiwa picha!" Akakubali. Ipo, imechelewa kuisha. Ila mwaka 2022 UNESCO nao wakasema haitafika 2050. Nilikuwa nimeshainua mikono kushangilia. Nikairudisha chini ya meza.

Ndipo shemeji yangu, mtu niliyempelekea mbege ya mahari ya dada yake kwa mikono yangu, akaona ni wakati wa kuchangia. "Mwulize vizuri, kijana. Huyu mlima aliufahamu mpaka getini. Alikuwa anawauzia watalii ndizi." Sasa hapo ndipo kicheko kikaja, kile kile nilichokuwa nakisubiri. Na kijana, kwa heshima yake, akatoa simu ili anifariji. Picha. Yeye, Kilele cha Uhuru, mikono juu, meno yote nje.

Nikaondoka usiku ule ule na kuku wangu.

Buffalo huwa inanipokea kwa theluji. Kuna upepo unapita juu ya Ziwa Erie kabla halijaganda, unazoa mvuke wote, ukifika nchi kavu unaumwaga. Unaumwaga kwenye kioo changu. Barabara ikafungwa, nikajisogeza West Side kwa ndugu yangu mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira. Huyo haulizi mambo ya barafu. Anasonga bugali, anaweka sombe, anakuambia kula.

Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, sayansi ikanikumbuka. Mtoto wake wa shule akatusomea: Chuo Kikuu cha Buffalo, profesa Omer Gokcumen, pamoja na wenzao wa maabara ya Jackson, Oktoba 2024, Science hiyo hiyo. Kumbe mate yetu yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni, kabla hujameza. Jeni inayokitengeneza imejirudufu mwilini, nakala juu ya nakala, na kujirudufu kwenyewe kulianza pengine zaidi ya miaka 800,000 iliyopita. Kilimo hakijagunduliwa! Jembe hakuna, mahindi hakuna, lakini mdomo wa ugali upo tayari, unasubiri.

Nikampigia mama watoto kwa video, tonge mkononi. Nikamsomea yote. Nikamwambia ugali si ulafi, ni urithi. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. "Kwa hiyo mmejiandaa miaka laki nane?" Ndiyo. "Basi jioni moja ukiruka hutakufa."

Asubuhi nikakimbilia kahawa, nikidhani huko niko salama. Kahawa ni yetu. Mimi karo yangu ilitoka kwenye arabika ya baba, iliyouzwa kupitia KNCU, ushirika wetu tangu 1933. Nimechuma, nimemenya, nimeanika, na kunywa yenyewe nimeanza kwenye vituo vya malori huku Marekani, kwenye kikombe cha karatasi. Haya. Buffalo tena! Profesa Victor Albert na wenzake, Aprili 2024, wakafungua jeni za arabika. Wakakuta si mmea uliojitokea wenyewe. Ni mtoto wa robusta na kahawa nyingine ya porini iitwayo eugenioides, waliokutana wenyewe msituni, pande za Ethiopia, zaidi ya miaka 600,000 iliyopita. Na kwa kuwa ukoo wote umetoka kwa wazazi hao wawili, damu haina mchanganyiko, magonjwa yanapita nao kirahisi. Kutu ya majani ile, iliyokuwa inamfanya baba aongee peke yake shambani, kumbe ilishajulikana itapata wapi mlango.

Hilo ningelivumilia. Sasa dispacha wangu ni Mhaya, wa Bukoba. Na Bukoba ndiko kwenye robusta. Miaka yote nimemcheka kwa ile kahawa yao ya kutafuna, nikimwambia arabika ndiyo kahawa ya watu waliostaarabika. Akaupata utafiti ule. Sijui nani kamtumia, ingawa namshuku mtu mmoja mwenye miwani. Siku hizi nikipiga kuulizia lodi, hataji mji, hataji bei, anasubiri. Mpaka nimwamkie shikamoo. Anasema mzazi ni mzazi.

Basi juzi niko nyumbani, nimekaa, ugali umefika kabla ya simu, jambo la nadra. Simu nayo ikaita. Kijana wa Columbus. Anaandika tasnifu, anakusanya kumbukumbu za watu wa Kilimanjaro kuhusu barafu, zamani ilishukia wapi, wazee walisimuliaje. Anaomba kunihoji. Mimi! Nikakaa wima. Nikafunga kifungo cha shati. Akatuma fomu ya ridhaa, nikabofya nakubali bila kusoma, nikaweka spika ili mama watoto asikie mumewe anavyochunguzwa.

"Ulipokuwa mtoto, mzee, barafu ilionekana hadi wapi?"

Nikasema, juu.

Akasubiri. Nikaongeza, juu kabisa.

"Na wazee walisema nini kuihusu?"

Nikasema walisema ni ya baridi.

Mama watoto akavuta kiti. "Samahani, mwanangu. Baba yangu alikuwa mpagazi." Kule upande wa pili nikasikia karatasi zinaanguka. "Mama! Tafadhali, endelea."

Akaendelea. Kumbe marehemu baba mkwe alibebea wageni mizigo miaka na miaka, na kila akirudi aliwasimulia watoto jiwe gani barafu ilikuwa inaanzia, na msimu wa pili jiwe lile kalikuta kavu. Nimeoa nyumba ile sijawahi kusikia hata kimoja. Mimi pale nilikuwa nakwenda kula. Sasa wanaongea, wanacheka, kijana anashukuru kwa Kiswahili cha pasi, mama watoto anajibu kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. Simu nimeishika mimi, maana waya wa chaji ni mfupi haufiki mezani. Mkono huu una ganzi, mkono huu una tonge. Ikafika mahali kijana akanyamaza kidogo.

"Mzee, samahani sana," akasema. "Naomba utafune polepole. Sauti inaingia kwenye rekodi."