Kwa Heshima ya Tarehe ya Maandishi

Wapo wanaosifu wafalme, wapo wanaosifu pilau. Mimi leo namsifu kiumbe anayelaaniwa na kila mprogramu aliyewahi kukesha: tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi.

Hana makuu. Mpe 31/02/2025, ataipokea kama mgeni wa Idi, bila kuuliza imetoka wapi. Mwulize ipi kubwa kati ya tarehe mbili, hahangaiki na kalenda wala Februari yenye siku 29. Husoma kuanzia kushoto, alama moja moja, kama mtoto wa chekechea anayefuata mstari kwa kidole. Alama zikitofautiana tu, hukumu imetoka. Kwake 9/1/2025 ni kubwa kuliko 10/1/2025, kwa sababu 9 inaizidi 1, na yanayofuata hayamhusu. Laiti kesi za mashamba zingeamuliwa kwa kasi hii!

Mwandikie miezi kwa majina, atakupangia mwaka mwingine kabisa. Unaanza Agosti, unafuata Aprili, Desemba ni mwezi wa tatu, na Septemba ndiyo inayofunga hesabu. Watu wa Makunduchi huoga mwaka mwezi Julai na hakuna anayewacheka. Yeye achekwe kwa nini? Wiki yake nayo huanza Alhamisi, na Jumatano hutangulia Jumatatu. Sijaona mfanyakazi atakayelipinga hilo.

Lakini sifa yake kubwa ni huruma, na hiyo niliishuhudia mwenyewe. Nilitengeneza programu ya mikopo kwa chama kimoja cha kuweka na kukopa, ikaanza kazi mwaka mpya. Kanuni ilikuwa mstari mmoja wa JavaScript: leo ikiwa kubwa kuliko tarehe ya mwisho ya kulipa, mkopo umechelewa, piga faini. Tarehe zote zilikuwa maandishi, siku mbele, mwezi katikati, mwaka mwisho, kama tulivyofundishwa shuleni.

Asubuhi ya 02/01/2025 nikakuta maajabu. Mdaiwa aliyetakiwa kumaliza 30/11/2024 alikuwa msafi kama pamba, kwa kuwa 02 haiizidi 30. Mama mmoja muuza samaki, ambaye mkopo wake haujakaa mfukoni wiki moja na mwisho wake ni 01/06/2026, alikuwa amepigwa faini ya kuchelewa, kwa kuwa 02 inaizidi 01. Benki gani ingethubutu kumsamehe mdaiwa sugu na papo hapo kumwadhibu mtu kwa kosa la mwakani?

Najua wapinzani watamtaja ndugu yake, yule anayeanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, aliyepewa cheo na kiwango cha ISO 8601 mwaka 1988. Ni kweli, 2024-11-30 na 2025-01-02 hupangika sawasawa zikiwa maandishi vilevile, mradi sifuri zisirukwe. SQLite, isiyo na aina ya data iliyotengwa kwa ajili ya tarehe, humkaribisha bila wasiwasi. Sawa. Ila huyo ni mtu wa itifaki, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Wangu humweka kitinda mimba kiti cha mbele. Tena Mmarekani akija, 03/04/2025 humwia Machi 4, sisi tukibaki na Aprili 3, na hatugombanishi. Kila mtu huondoka akiamini yake.

Niseme na ukweli wake mmoja: hakuwahi kudai kuwa ni tarehe. Ni alama kumi zilizopangwa mstari. Mimi ndiye niliyempa kazi ya uhakimu bila kumgeuza kwanza kuwa tarehe halisi, kisha nikashinda wiki nzima nikikagua fomula ya riba, mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote.

Faini ya yule mama nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu. Mdaiwa wa Novemba aliendelea kustarehe mpaka 31/01/2025, siku ambayo 31 iliizidi 30 na deni likafufuka. Kulipokucha, 01/02/2025, akawa msafi tena. Februari haina 31, akapumzika. Mwishoni mwa Machi, watu wakisubiri mwezi uandame, alipita ofisini, akatusalimu mmoja mmoja, akauliza kwa upole kama tarehe 31 tutafungua.