Vidole Mnavyo, Tapeli Yuko Wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Jina langu, anwani na namba ya simu sikuviandika. Sioni sababu ya kuwachosha vijana wako kwa kuwasomesha tena wanachokijua.

Dhumuni la barua hii ni kuulizia vidole vyangu. Nilivitoa kwa hiari, ile hiari ya kuambiwa usipotoa laini inazimwa. Zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole lilianza Mei 2019, likapangiwa kufungwa Desemba 31, Rais Magufuli akatuongezea siku 20, na Januari 20, 2020 ikafika watu bado wako kwenye foleni za NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, wakiisubiri ile namba ya tarakimu 20. Wazee waliolima maisha yao yote wakagundua kuwa jembe limewasaga alama za vidole, mashine haiwasomi. Tulivumilia, maana tuliambiwa kila laini ikipata mwenyewe, tapeli atakosa pa kujificha.

Mheshimiwa, tapeli hajambo. Bado anaamka mapema kuliko sisi. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Na kweli jina linakuja, la mama fulani ambaye hana habari kabisa. Mwenye nyumba wa uongo ananidai kodi kwa bidii kumshinda wa kweli.

Ufundi wenyewe ni huu. Mama anakwenda kwa kijana mwenye mwavuli pale stendi kurudisha laini iliyopotea. Anaweka kidole gumba kwenye kimashine. "Rudia mama, mtandao unasumbua." Anarudia. "Futa jasho, weka tena." Kidole cha kwanza kimesajili laini yake. Cha pili kimesajili laini nyingine, ambayo yeye hataiona na tapeli ataitumia. Kwa hiyo mtambo uliobuniwa kumvua tapeli barakoa umempa sura ya mama wa watu, tena iliyothibitishwa na Taifa. Ndugu zangu huwa nawaambia wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa majina yao. Nanyi mnatuambia namba ya tapeli tuipeleke 15040. Tunaipeleka. Kesho anaandika kwa namba nyingine.

Isidhaniwe nasema Polisi hawajui kumtafuta mtu mtandaoni. Wanajua sana. Desemba 2016 walimkamata Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, aliyekuwa amekataa kuwapa utambulisho wa watu walioandika tuhuma huko kwa majina ya bandia. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Safari hiyo sikusikia kwamba mtandao ulisumbua.

Nguvu hiyo inatoka kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vifungu vya 31 na 32. Mkuu wa kituo cha polisi akiridhika kuwa ipo sababu, anatoa amri mwenyewe: ya kupekua na kuchukua vifaa, au ya kumlazimisha mwenye taarifa azitoe. Anayezitaka taarifa, anayepima kama zinahitajika na anayesaini ruhusa wote wanatoka ofisi moja. Akidi ya kikao hicho inatimia mkuu akishavuta kiti.

Oktoba 2023 nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitutaka tunaotumia VPN, ile programu ya kujificha mtandaoni, tutoe taarifa zetu kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Utotoni tulicheza kombolela miaka yote, na hakuna aliyewaza kumtaka aliyejificha alete barua ya kueleza yuko nyuma ya tangi lipi.

Sifa mnastahili pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Leo duka la dawa likigawa namba yangu kwa watu wa matangazo, nina pa kwenda kushitaki. Ila mkuu wa kituo akizitaka meseji zangu, sahihi inayohitajika bado ni yake.

Sisemi mhalifu asifuatiliwe. Aliyeibiwa akiba ya kikoba anataka simu ya mwizi ifuatiliwe leo, na ana haki. Ombi langu ni kwamba Serikali yenu ipeleke Bungeni marekebisho ya vifungu hivyo viwili: amri isainiwe na hakimu baada ya kuelezwa sababu. Ikiwa ni dharura ya usiku wa manane, polisi waanze kazi, kisha ndani ya saa 24 wasimame mbele ya hakimu wajieleze. Na aliyechunguzwa akakutwa hana kosa aandikiwe, ajue nani alisoma nini.

Mahakimu tunao wilaya kwa wilaya, na mishahara yao tunailipa tayari. Wapeni kazi hii.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mmiliki wa laini moja, kwa ninavyojua.

Nakala: Spika wa Bunge, Dodoma.