Namna ya Kulewa Bila Kunywa: Mwongozo kwa Dereva wa Iringa

Kwanza kabisa, usinywe. Mwongozo huu hauwahusu waliokunywa. Wao wana wa kwao, na trafiki wote wanaujua kwa kichwa.

Uko stendi ya Igumbilo, abiria wamekaa, na afande anapita basi hadi basi, kipima ulevi mkononi. Huo ndio wakati wa kusukutua. Chagua dawa ya kusukutua yenye pombe; zipo zinazokaribia asilimia 27, bia haioni ndani. Sukutua, tema, puliza. Mashine italia. Yenyewe haina habari na meno yako; hewa yote inayoifikia inaihesabu kuwa imetoka mapafuni.

Huna dawa? Konda akumiminie sanitaiza viganjani, kisha ukisogelee kipimo mikono ikiwa bado mibichi. Mvuke wake nao unatosha kukuchongea. Dawa ya kikohozi nayo haikosi msaada, hasa ukiipiga tarumbeta bila kusoma lebo.

Msimu wa mvua mambo huwa rahisi zaidi. Ulanzi unagemwa kwenye machipukizi ya mianzi, na ukishushwa tu na mbeta, chombo chake, ni mtamu. Mama muuzaji atakuapia kuwa huo ni mtogwa, haujachacha, hata watoto wanakunywa. Utamu upo kweli, ila uchachu umeanza tangu mbeta ikiwa juu, na ukilala unaamka mkangafu, yaani mkali. Hapo mashine haijakosea, kaka. Umekunywa. Mwenye gari lake binafsi sheria inamvumilia hadi miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Wewe uliyebeba abiria unatakiwa usome sifuri.

Sasa sehemu ambayo madereva hawaipendi. Pombe ya kusukutua huisha mdomoni kwa dakika 15 hivi. Iliyomo damuni, kwa muda huo, haipungui kitu cha maana. Kwa hiyo mashine ikilia, usianze kuapa kwa jina la mama. Sema: "Shikamoo afande. Naomba nisubiri dakika 20, unipime tena." Suuza kwa maji, usile, usivute sigara, kaa palepale anapokuona. Aliyesukutua atasoma sifuri. Aliyekesha kilabuni ataanza kutafuta namba ya shemeji yake aliye kituoni.

Nanyi abiria mnaopiga kelele kwamba mnacheleweshwa, vumilieni hizo dakika 20: mkitoka hapo mnakwenda kuteremka mlima Kitonga.