Kobe Kanishinda Tena

Jamani, shuleni mimi niliitwa Kobe. Darasa la tatu, mwalimu wa hesabu akaniuliza saba mara nane. Nikakaa kimya mpaka kengele ikalia. "We kobe we!" Jina likaganda. Mpaka leo kuna mshikaji ananiita hivyo mbele ya wakwe zangu.

Juzi mama watoto akanivuta Zanzibar, tukapanda boti kwenda Changuu. Mimi najua pale palijengwa jela, basi. Kumbe wenyeji ni makobe wa Aldabra, mababu kabisa! Wa kwanza waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nikacheka: hivi vijiwe navyo vina akili?

Kijana anayetutembeza akanikata. "Mzee wangu, usiwadharau." Eti kule Vienna, watafiti waliwafundisha makobe wakubwa kung'ata mpira wa rangi fulani, ndipo wapewe chakula. Wakashika somo. Miaka 9 ikapita. Watatu wakajaribiwa tena, kazi wanaikumbuka! Matokeo yakatoka 2019.

Hajamaliza. Uingereza, mtafiti Anna Wilkinson wa Chuo Kikuu cha Lincoln na wenzake wamewafundisha kobe wengine, wale wa miguu myekundu, kudonoa skrini ya kugusa ili wapate tunda. Skrini, ndugu yangu! Mimi simu yangu ya kupangusa ananifungulia mwanangu wa chekechea.

Mama watoto kimya. Ananiangalia tu. Kile kimya nakijua.

Tunashuka boti, nahodha anataka hela. Nikachomoa simu kibabe. Namba ya siri. Mwaka niliozaliwa? Siyo. Mwaka niliooa? Siyo, na mama watoto kasikia, maana naandika huku nataja kwa sauti. Ya tatu, akaunti ikafungwa. Nyuma yangu watalii, wachuuzi, na mtoto mmoja anauliza, "Mama, huyu baba analia?" Nilikuwa nafuta jasho, bwana.

Mama watoto akafungua pindo la kanga, akalipa. Akasema neno moja tu: "Vienna."

Bibi alitusimulia kila usiku kobe alivyomshinda sungura. Nilidhani ni hadithi ya kutulaza.

Mwalimu wangu, popote ulipo, waombe makobe radhi. Miaka yote hii umewavunjia heshima kwa kunifananisha nao. Na lile swali lako sijalisahau. Saba mara nane ni… ngoja kengele ilie.