Sanduku la Miguu Mitatu

Jina langu jipya ni Fundi Poromoko. Nililipata Jumamosi kule Kinole, na lilishuka mlima haraka kuliko mimi, maana nilipofika Bigwa vijana wa bodaboda kijiweni walikuwa nalo tayari. Mmoja akaniuliza, kwa adabu zote, kama vifaa vimeshafika Dar es Salaam au bado viko njiani. Swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Maji ya upande ule wa Uluguru huishia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Bisibisi yangu ya nyota, kama haijakwama kwenye jiwe, iko safarini kuelekea bombani kwa mtu.

Kilichoporomoka ni sanduku langu la vifaa, ambalo ukilitia miguu ni benchi la kazi. Nilikuwa nimeitwa na bibi mmoja ambaye mlango wake wa mninga uligoma kufunga tangu mvua zianze. Hapa naomba mnivumilie, maana habari za mbao sizichoki. Mbao ikinywa unyevu hairefuki, au hurefuka kidogo mno hata futi haioni. Inachofanya ni kunenepa ubavuni. Nyuzi zake zimelala kwa urefu, na unyevu ukiingia kwenye kuta za nyuzi hizo huzitanua kwa upana. Ndiyo maana mlango unaofungwa kwa kidole wakati wa kiangazi hufungwa kwa bega wakati wa masika. Upande wa mashariki wa Uluguru hupokea upepo wa Bahari ya Hindi kifua wazi, mvua yake inaipita mbali ya huku mjini, na milango yake hunenepa kwa kiwango hicho hicho. Dawa ni kuuvua mlango kwenye bawaba, kuulaza mahali ubavu ukichungulia nje, kisha kuupiga randa mpaka upungue.

Kuulaza mahali, nimesema, na Kinole hakuna mahali. Nilizunguka ua mzima nikitafuta eneo la ukubwa wa mkeka ambalo halielekei bondeni. Nikamuuliza Bibi kama hakuna pa tambarare.

"Mjukuu wangu," akasema, "mkoloni alitaka kutuchimbisha ngazi mlima mzima uwe tambarare. Wazee wetu wakakataa. Wewe umekuja kuzidai leo?"

Ni kweli. Mwaka 1955 Waluguru waliugomea mpango wa kulazimishwa kuchimba ngazi mashambani, pakatokea ghasia hadi Matombo, na mpango ukafa. Naheshimu mapambano yale kwa moyo wote. Ila wangebakiza ngazi moja tu, hapo uani kwa Bibi, leo ningeitwa kwa jina langu.

Hata hivyo sikuwa na wasiwasi, kwa sababu sanduku nilikuwa nimelitengenezea mlima. Sakafu yake ni mkongo wa inchi mbili, na mfuniko ni mkongo pia, ndio uso wa benchi. Mbavu ni paina kutoka Sao Hill, ili mgongo wangu nao uwe na maisha. Miguu ni mitatu, nayo hulala ndani wakati wa safari. Nimeichonga ikipungua kidogo kuelekea juu, na matundu ya sakafuni yanapungua vivyo hivyo, basi kadiri unavyokandamiza ndivyo mguu unavyojikaza. Hakuna msumari wala gundi. Ukitaka kuondoka, unaugonga nyundo ubavuni, unachomoka, unarudi sandukuni. Mara ya kwanza nilipousikia ukikaza nilicheka peke yangu kama mtu aliyepokea mahari.

Kwa nini mitatu? Meza ya miguu minne ikikutana na ardhi isiyo sawa husimama kwa mitatu, na wa nne unabaki kucheza. Miguu mitatu haina mchezo huo. Iweke popote, yote itagusa chini. Lakini mitatu ina sharti lake. Chora mistari ardhini kuunganisha nyayo zake, upate pembetatu: uzito ukishukia ndani ya pembetatu, uko salama, ukishukia nje, mguu wa upande wa pili unanyanyuka. Na benchi lenyewe lazima liwe zito, kwa kuwa ukisukuma randa, mbao nayo inalisukuma benchi. Ndiyo sababu vifaa nilivibakiza ndani ya sanduku, vilikandamize. Mlimani kuna ujanja wa ziada: unapiga randa ukielekea juu, ili benchi likisukumwa liuegemee mlima.

Upande wa juu wa mteremko kulikuwa na karafuu za Bibi zimeanikwa jamvini. Bibi akasema takataka za randa zisikaribie karafuu zake, nigeuke. Nikageuka, uso bondeni. Jirani yake, mzee mwenye moyo wa kusaidia usio na mipaka, akaona mlango unatikisika. Akasema, "Fundi, ngoja nikushikie," akaukalia kwenye ncha ile iliyokuwa nje kabisa ya pembetatu.

Mguu wa nyuma ulinyanyuka polepole, kama unaomba ruhusa ya kuzungumza. Mzee akashuka salama, akiwa ameketi bado. Mlango ukamfuata. Sanduku likabingirika mara moja, mfuniko ukafunguka, na vifaa vyote vyenye mpini wa duara vikaanza safari: patasi, bisibisi, tupa, nyundo. Randa haina duara lolote, lakini nayo iliteleza migombani mpaka tukasikia mlio wake kijitoni. Watoto walishangilia kila kifaa kilichopita. Walivirudisha vingi, lazima niseme, kwa bei waliyoipanga wao.

Mtaniuliza kwa nini nisifanye kazi kwenye karakana. Nilikuwa na banda kando ya barabara, na ndani yake benchi la mninga lililobebwa na wanaume wanne huku wakilaani. Lilikuwa halisogei. Siku moja ukuta wa banda ukachorwa X nyekundu, na baada ya muda likaja greda. Barabara pana ni jambo jema, nami huipita. Ila mji mzima unalalia vitanda, unakalia viti na kufunga milango tuliyoitengeneza vumbini kando ya barabara, na ukifika wakati wa kuchora ramani, fundi hayumo hata kwa nukta. Kisha tunasemwa kuwa mafundi hatupatikani, tunahama na kabati za watu. Sanduku kazi yake ni kuondoka, benchi kazi yake ni kukaa. Mimi nimelazimika kuunda kitu kimoja kifanye yote mawili, nacho kinafanya yote mawili vibaya, kwa sababu nami ndivyo ninavyoishi.

Tangu nianze kulibeba sanduku hili, mzee wa Mkuyuni amelidhania mzinga wa nyuki na kuuliza bei. Konda wa daladala amelitoza nauli ya mtu mzima. Kihonda, mama mmoja aliponiona nimelibeba begani alisimama kando, akanipa pole ya msiba na shilingi elfu mbili, nikapokea.

Juzi nimeitwa kwenye ofisi moja kurekebisha meza ya mkubwa iliyolegea. Kazi nimeifanya vizuri, kwenye sakafu ya vigae iliyonyooka mpaka raha. Wakati wa malipo nikapewa fomu yenye kisanduku cha kujaza mahali pa kudumu pa biashara. Bila hicho, alisema karani, hela haitoki. Nikamwomba kalamu nyekundu, nikachora X.